Amplifaya ya Klasi D: koili na kapasita, shanga ya feraiti, au waya mtupu?

Weka bodi mbili mezani. Moja imebeba PAM8403, ile chipu ya volti 5 inayotoa wati 3 kila upande. Bodi yenyewe haifiki ukubwa wa kiberiti na haina koili hata moja. Nyingine imebeba TPA3255, inayoweza kufika wati 315 kila upande kwenye spika za omu 4, na sehemu kubwa ya uso wake imekaliwa na koili nne nono pamoja na kapasita zake. Zote mbili ni Klasi D. Zote huwasha na kuzima transista mara laki kadhaa kwa sekunde. Sasa kwa nini hii imeachwa itoke kifua wazi, na ile imevishwa koti?

Jibu la haraka utakalopewa na mafundi wengi ni wati: ndogo haihitaji kichujio (ndizo hizo koili na kapasita), kubwa inahitaji. Mara nyingi jibu hilo hupatia, lakini hupatia kwa bahati. Nimekutana na amplifaya ya wati 10 iliyokuwa ikimwaga kelele kwenye redio ya chumba cha pili, na nimekutana na wufa (spika ya besi) ya wati 50 inayopiga bila koili yoyote na haimsumbui mtu. Yanayoamua ni mawili, na yote hutangulia wati: jinsi chipu inavyopishanisha pini zake mbili za kutokea, na urefu wa waya kutoka bodi hadi spika. Wati huja nyuma yao, kukuza kosa ambalo tayari limefanyika.

## Kinachotoka kwenye pini

Kwanza tuondoe dhana moja: herufi D haisimami badala ya dijitali. Ilikuwa tu herufi inayofuata baada ya C. Ndani ya chipu, sauti inayoingia hulinganishwa na wimbi la pembetatu. Sauti ikiwa juu ya wimbi, pini hupanda hadi volti yote ya chanzo. Ikiwa chini, pini hushuka hadi sifuri. Kama chanzo ni volti 24, pini haikai kwenye volti 7 wala 13. Ni 24 au ni 0, na muziki umejificha katika upana wa kila pigo.

Koni ya spika haiwezi kufuata kitu kinachotokea mara 400,000 kwa sekunde, na sikio hata haliambiwi kuna kitu. Ndiyo maana ukiunganisha spika moja kwa moja kwenye chipu ya namna hii unasikia muziki wa kawaida kabisa. Wanaosema kwamba bila kichujio sauti "inakwaruza" mara nyingi wanasikia ubovu mwingine: chanzo cha umeme dhaifu, njia mbaya ya ardhi, au chipu ya kughushi. Kwa kweli, kama tutakavyoona, kichujio kilichochaguliwa vibaya ndicho chenye uwezo mkubwa zaidi wa kuharibu sauti za juu.

Kwa hiyo kichujio hakikuwekwa pale kwa ajili ya sikio. Kimewekwa kwa sababu mkondo wa zile 400 kHz na hamoniki zake (masafa ya mara mbili, mara tatu na kuendelea) lazima uende mahali, na kila mahali unapokwenda una bei yake: ndani ya spika unageuka joto, kwenye waya unageuka mawimbi ya redio, na ndani ya chipu unakula umeme bure. Kuchagua kati ya njia tatu ni kuchagua bei hiyo ilipwe wapi.

## Upishanishaji wa aina mbili

Hapa ndipo maamuzi mengi yanapokosewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Chipu nyingi za Klasi D huendesha spika kwa daraja, yaani kila ncha ya spika ina pini yake ya kuisukuma na hakuna ncha iliyofungwa kwenye ardhi. Swali ni pini hizo mbili zinafanya nini pale muziki unapokuwa kimya.

Katika mtindo unaoitwa AD, moja ikipanda nyingine inashuka. Ukimya, kwa mtindo huu, ni spika kupewa +24 V halafu −24 V, nusu kwa nusu, mara 400,000 kwa sekunde. Wastani wake ni sifuri, kwa hiyo husikii kitu, lakini umeme wote upo pale. Chukua spika ndogo ya omu 8 yenye induktansi (ukaidi wa koili dhidi ya mabadiliko ya mkondo) ya 33 µH, isiyo na kichujio. Mkondo ndani yake utapanda na kushuka kwa karibu ampea 0.9 kutoka kilele hadi bonde, na koili ya spika itachoma zaidi ya nusu wati ikiwa kimya. Kwa redio ya betri huo ni wizi. Kwa twita ndogo, ile spika ya sauti za juu, ni joto lisilo na sababu.

Katika mtindo wa BD, wakati wa ukimya pini zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Tofauti kati yake ni sifuri, kwa hiyo spika haioni kitu. Muziki ukianza, pini moja hubaki juu muda mrefu kidogo kuliko mwenzake, na spika hupata vipigo vyembamba tu, tena mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa chipu ya 400 kHz spika huona 800 kHz. Induktansi ya koili ya spika yenyewe hutosha kuvilainisha. Huo ndio msingi wa neno "bila kichujio" unaloliona kwenye karatasi za watengenezaji wa PAM8403, MAX98357A na wenzao: kichujio kipo, ila ni spika yenyewe.

Sasa angalia upande wa pili wa shilingi, ambao matangazo huuruka. Pini mbili zinapopanda na kushuka pamoja, spika imetulia lakini *waya mzima* unaruka kati ya 0 na 24 V ukilinganisha na ardhi. Nyaya zote mbili zinaimba wimbo mmoja kwa pamoja, na hakuna wa kumfuta mwenzake. Kwenye AD nyaya hizo zinakwenda kinyume, na ukizisokota vizuri sehemu kubwa ya mawimbi yake hufutana. Yaani mtindo unaoihurumia spika ndio unaochokoza redio, na mtindo unaoichosha spika ndio wenye adabu zaidi kwenye waya. Ukishika hilo, sehemu kubwa ya ulinganisho huu inajipanga yenyewe.

Kutoka hapo kuna jambo dogo la kivitendo ambalo limenipotezea jioni nzima. Kwenye AD unaweza kuweka kapasita moja tu kati ya nyaya mbili za spika na kichujio kikafanya kazi. Kwenye BD kapasita hiyo moja haioni ule mruko wa pamoja hata kidogo. Lazima kila waya uwe na kapasita yake inayoshuka ardhini. Kama umenakili saketi ya chipu moja ukaihamishia nyingine na redio bado inalia, angalia hapo kwanza.

## Waya ni antena

Ukingo wa pigo la Klasi D hupanda kwa nanosekunde chache. Ukingo wa nanosekunde 5 una nguvu ya kutosha hadi karibu 64 MHz kabla haujaanza kufifia kwa kasi, na mkia wake unapita hapo. Kwa hiyo chipu inayobadilika kwa 400 kHz haitoi 400 kHz peke yake: inatoa 800, 1200 na 1600 kHz, ambazo zinaangukia katikati ya masafa ya redio ya AM, na inaendelea kupanda ngazi hadi inagonga FM.

Robo ya wimbi kwenye 100 MHz ni sentimita 75. Waya wa spika wa sentimita 75 ni antena nzuri ya FM, na hukuinunua kwa kazi hiyo. Ukirefusha hadi mita 2.5 unapata robo ya wimbi la 30 MHz, na 30 MHz ndipo vipimo vya kawaida vya mionzi chini ya CISPR 32, kiwango cha kimataifa cha kelele za redio, vinapoanzia. Waya wa sentimita 5 ndani ya simu haufikii huko. Simu, kengele ya mlango na kichezeo cha mtoto hupiga bila kichujio wala lawama kwa sababu hiyo hasa: spika imekaa karibu na chipu kama pua na mdomo.

Kwa makadirio yangu, chini ya sentimita 10 sijiulizi maswali mengi, mradi chipu iwe ya BD. Kati ya sentimita 10 na nusu mita naanza kufikiria shanga za feraiti. Waya ukishatoka nje ya kasha kwenda kwenye spika iliyosimama upande wa pili wa chumba, naweka koili na kapasita (LC) na sibishani na mtu.

Huna mashine ya kupima mionzi? Redio ndogo ya AM inatosha kukupa picha. Iwashe, itafutie nafasi tupu karibu na 800 kHz kama chipu yako iko 400 kHz, kisha isogeze taratibu kando ya waya wa spika. Utasikia mluzi, au mngurumo unaobadilika muziki unapobadilika. Rudi nyuma hatua kwa hatua hadi upotee. Ukipotea sentimita 20 kutoka kwenye waya, umefaulu kwa matumizi ya nyumbani. Ukiwa bado unausikia mlangoni, hukufaulu. Si kipimo cha maabara, lakini kimeniambia ukweli mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Chipu nyingine hukupa nafasi ya kukwepa badala ya kuchuja. TPA3116, kwa mfano, inaruhusu kuchagua masafa ya kubadilika hadi 1.2 MHz ili hamoniki zisikanyage stesheni ya AM unayosikiliza. Nyingine huyumbisha masafa yake kidogo kidogo ili kelele isirundikane sehemu moja. Mbinu hiyo hupunguza kilele unachokiona kwenye mashine ya kupimia, lakini nguvu yote kwa jumla ni ileile. Joto kwenye spika halipungui hata chembe.

## Njia tatu kando kwa kando

| | Waya mtupu | Shanga ya feraiti na kapasita ndogo | Koili na kapasita (LC) |
|---|---|---|---|
| Inaondoa nini | Hakuna. Spika inalainisha yenyewe | Kelele za juu, takriban 10 MHz kwenda juu | Masafa yenyewe ya kubadilika na yote yaliyo juu yake |
| Mtindo unaokubali | BD tu | BD tu | AD na BD |
| Waya wa spika | Sentimita chache | Hadi nusu mita hivi | Mita kadhaa |
| Redio ya AM jirani | Itateseka | Itateseka karibu vilevile | Salama |
| Aina ya spika | Koili ya kawaida, bila krosova (saketi ya kugawa sauti kati ya wufa na twita) | Koili ya kawaida, bila krosova | Karibu yoyote, kwa omu ulizokusudia |
| Unacholipa | Mionzi | Joto kidogo kwenye chipu | Nafasi, uzito, na mabadiliko ya sauti za juu |

Jedwali linasema ukweli lakini linaficha mambo mawili, na yote yako kwenye safu mbili za kulia.

## Shanga: dawa nafuu yenye masharti

Shanga ya feraiti ni kakitu kadogo kama punje ya mchele. Kwenye 100 MHz inazuia kama rezista ya omu mia kadhaa, na kwenye 400 kHz ni sawa na kipande cha waya. Kwa hiyo usiitarajie ipoze spika wala imwokoe msikilizaji wa AM. Kazi yake ni kukata mkia mrefu wa juu, ule unaokufelisha kwenye kipimo cha mionzi.

Kosa la kwanza ni kuichagua kwa kuangalia omu zake peke yake. Omu hizo hupimwa bila mkondo wa maana kupita. Ukiipitisha ampea kadhaa, feraiti hujaa (haiwezi kupokea sumaku zaidi) na omu zinayeyuka. Shanga nzuri kwenye karatasi inaweza kuwa bure kabisa pale besi inapopiga, yaani pale hasa unapoihitaji. Chagua yenye uwezo wa mkondo uliozidi kilele chako kwa mbali.

Kosa la pili ni kapasita. Watu huona 1 nF kwenye mchoro, kelele ikibaki wanaweka 10 nF, wakidhani zaidi ni bora. Lakini kila pini inapopanda lazima ijaze kapasita hiyo, na inaposhuka lazima iimwage. Hesabu yake ni ujazo wa kapasita mara volti kwa kipeo cha pili mara masafa. Kwa 1 nF, 24 V na 400 kHz unapata karibu wati 0.23 kwa kila pini. Stereo ina pini nne, kwa hiyo ni karibu wati moja, muziki ukiwa kimya. Kwa 10 nF ni wati 2.3 kwa pini, zaidi ya wati 9 kwa jumla, na hapo umegeuza amplifaya kuwa pasi. Kwenye chipu ya volti 5 hesabu hiyohiyo na 1 nF hutoa miliwati zisizozidi kumi kwa pini, ndiyo maana shanga zinapendeza sana kwenye vifaa vidogo na zinachosha zaidi volti zinapopanda. Volti zimepandishwa kwenye kipeo cha pili, hazisamehi.

## LC: koti zito linalobana

Kichujio cha LC cha kawaida kina koili moja na kapasita moja kwa kila pini. Kwa spika ya omu 8 inayoendeshwa kwa daraja, kila nusu huona omu 4, na jozi ya 33 µH na 1 µF hukata karibu na 28 kHz. Kwenye 400 kHz inapunguza kwa takriban desibeli 46, yaani mara 200. Ile ±24 V iliyokuwa ikienda kwenye waya inabaki visehemu vya volti. Baada ya hapo unaweza kutandika waya chumba kizima.

Lakini kichujio hiki kimeshonwa kwa kipimo cha mvaaji. Kivishe spika ya omu 4 badala ya 8: kama spika ingekuwa rezista tupu, ungepoteza desibeli 2.6 kwenye 10 kHz na zaidi ya 6 kwenye 20 kHz. Sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kiondolee spika kabisa nacho kitafanya kinyume: hakuna cha kuituliza saketi, na karibu na 28 kHz volti zinaweza kuruka juu mno. Spika halisi iko mahali fulani katikati, kwa sababu induktansi yake hupandisha omu zake kadiri masafa yanavyopanda. Kwa hiyo mtu akikuambia amebadilisha bodi na sauti za juu zimebadilika ingawa chipu ni ileile, mwamini. Huenda koili zake zimehesabiwa kwa spika ya omu nyingine.

Kuna na mkondo wa bure wa koili. Hata pakiwa kimya, koili ya 10 µH kwenye 24 V na 400 kHz hubeba mkondo wa kupanda na kushuka wa ampea 1.5 kutoka kilele hadi bonde. Ya 33 µH hubeba chini ya nusu ampea. Koili ndogo na rahisi hupata moto bila kupiga wimbo wowote, na fundi asiyejua huilaumu chipu. Chipu nyingine hushughulikia hilo kwa kuziteremsha pini zote mbili hadi karibu asilimia 15 ya muda wakati wa ukimya, badala ya asilimia 50.

Halafu vifaa vyenyewe. Koili iliyokaribia kujaa hupotosha besi nzito kabla hujaona dalili nyingine yoyote. Kapasita ya seramiki hupoteza sehemu ya ujazo wake ikikaa chini ya volti za kudumu, na kwenye daraja kila kapasita inayoshuka ardhini inakaa muda wote chini ya nusu ya volti ya chanzo. Ukiweza, weka ya filamu. Kwenye spika ya bafuni sitakulaumu ukiweka seramiki.

Wabunifu wakubwa walilitatua hili kwa kuuchukua mrejesho (kipande cha sauti inayotoka kinachorudishwa kulinganishwa na inayoingia) baada ya kichujio badala ya kabla, ili amplifaya yenyewe isahihishe makosa ya koili na mabadiliko ya omu za spika. Bruno Putzeys, alipokuwa Philips, alibuni UcD kwa wazo hilo: hakuna wimbi la pembetatu la nje, ni mzunguko wenyewe unaojiyumbisha, na kichujio ni sehemu ya kinachoamua uyumbe kwa masafa gani. Kwenye saketi kama hiyo swali la "niiondoe koili?" halina maana. Ukiiondoa, hujapunguza kifaa, umevunja amplifaya.

## Pale ambapo hakuna mjadala

Niliwahi kuletewa spika ya njia mbili iliyokuwa ikinuka kuungua. "Fundi, naapa hata sikuwa nimepiga muziki," mwenyewe aliniambia, "nilikuwa nimeiwasha tu, naongea na simu." Nilimwamini nilipoiona bodi. Ilikuwa ya AD, ya volti 24, na koili zake zilikuwa zimetolewa na mtu aliyechoshwa na joto lake, nafasi zake zikaunganishwa kwa vipande vya waya na lehemu nyingi. Ndani ya krosova, sambamba na twita, kulikuwa na rezista ya omu 8 na kapasita ya 2 µF za kusawazisha omu. Rezista ilikuwa nyeusi kama kaa.

Fuata mkondo. Kwenye 400 kHz kapasita ya 2 µF ni omu 0.2 tu, ile ya kuzuia besi isifike kwenye twita nayo ni kama haipo. Kwa hiyo rezista ya omu 8 imekaa moja kwa moja mbele ya ±24 V. Hesabu ya karatasini inasema wati 72, katika ukimya kamili. Twita yenyewe ilipona kwa sababu koili yake ilikataa mkondo huo; kifaa kilichowekwa kuilainishia kazi kikaupokea wote.

Ungedhani BD ingeokoa hali. Ingeiokoa wakati wa ukimya, lakini muziki ukipanda, sehemu ya vipigo isiyo sauti huongezeka, na kwa wimbi lenye kilele cha karibu theluthi mbili ya uwezo wa amplifaya, rezista ileile ingepokea karibu wati 15. Bado ni moto. Kwa hiyo spika yenye krosova ya ndani, ambayo huijui ina nini, ni spika ya LC. Vivyo hivyo twita ya piezo, ambayo kwa umeme ni kapasita. Vivyo hivyo mfumo wa spika nyingi unaopita kwenye transfoma. Na vivyo hivyo kila chipu ya AD, iwe na wati ngapi.

Usijifariji pia kwa namba ya induktansi iliyoandikwa kwenye karatasi ya spika. Kwa kawaida imepimwa kwenye 1 kHz. Kwenye 400 kHz chuma kilicho katikati ya koili huzalisha mikondo yake ya ndani, na koili inaanza kufanana zaidi na rezista kuliko hesabu inavyodai. Bado inazuia sana, lakini sehemu ya inachozuia inageuka joto.

Jambo la pembeni kabla sijasahau: kwenye amplifaya ya daraja, usibane klipu ya ardhi ya osiloskopu kwenye waya wowote wa spika. Hakuna waya wa ardhi pale. Tumia prob mbili, moja kila waya, uache mashine itoe tofauti. Na kama hakuna LC, utaona ukuta wa mapigo tu. Weka kichujio kidogo cha rezista na kapasita mbele ya prob ili uione sauti.

## Ningechagua nini

Spika ya mfukoni, betri, chipu ya BD ya volti 5 na waya wa vidole viwili: waya mtupu. Kuongeza koili hapo ni kumbebesha mtoto gunia.

Amplifaya ya gari: LC, hata kama waya ni mfupi, maana redio ya AM na antena yake viko kwenye gari hilohilo, na vipimo vya CISPR 25, kiwango cha magari, vinaanzia 150 kHz, chini kabisa ya mahali ambapo shanga inaweza kusaidia.

Amplifaya ya sebuleni yenye viunganishi nyuma, ambayo hujui nani atachomeka nini: LC, iliyohesabiwa kwa omu 6 ili mwenye omu 4 na mwenye omu 8 wote wapoteze kidogo tu. Ukiwa na mrejesho wa baada ya kichujio, heri zaidi.

Inayonifikirisha kweli ni kasha la spika lenye amplifaya ndani yake: volti 24, BD, waya wa sentimita 25 hadi wufa, hakuna krosova kwa sababu kila spika ina amplifaya yake. Moyo unasema shanga, na mara nyingi shanga inatosha ukisokota nyaya na kuzipitisha mbali na waya wa umeme. Lakini sibuni bodi hiyo bila kuacha nafasi ya koili nne na kapasita zake. Naanza na shanga kwenye nafasi hizo, napeleka kupimwa, na ikifeli kwenye masafa ya chini ambayo shanga haiyafikii natoa shanga nalehemu koili usiku huohuo bila kuchora bodi upya.